Mawe Hayakunifika

Jumatano, 12 Machi 2025
Jana mvua ya mawe. Imepiga upande mmoja tu wa njia! Alizeti yangu imesimama yote, inachanua. Ya Bibi Evodia, ng'ambo ya njia — imelala chini, vichwa vimekatika. Mjane, na hana shamba lingine. Nikamwambia pole bibi, nikarudi nyumbani napiga vigelegele moyoni. Shairi likaja lenyewe nikisonga ugali. Mwinjilisti Simeoni kalisoma kwenye simu, kasema nilisome kanisani Jumapili.

Jumapili, 16 Machi
Nimesoma. Vigelegele, makofi, mzee mmoja "Amina!" hata sijamaliza. Nikafika hapa:

Nakushukuru Manani, mawe hayakunifika,
Ameanguka jirani, mimi ukanifunika.

Ndipo nikamwona. Benchi la tatu, kitenge cha bluu. Bibi Evodia. Anapiga makofi na wenzake. Polepole.

Niliweka "jirani" kwa ajili ya vina! Mungu anajua. Vina tu.

Njiani mume wangu Sixbert kasema, huyo jirani uliyemwimba ana jina.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepita nyuma ya zizi kwenda kisimani, nisikutane na Bibi Evodia. Kaniona. Alikuwa anawakatia mbuzi mabua ya alizeti, kanipungia mkono. Nikajifanya naangalia simu. Mama mzima!

Alhamisi, 20 Machi
Nimejaribu kubadili ule mstari. Nikimtoa jirani, shukrani yenyewe inapwaya. Kumbe nilifurahi kwa kuwa alizeti yake imelala. Haya, nimeandika. Aibu.

Jumamosi, 22 Machi
Kaja mwenyewe. Nilitaka kujificha jikoni, ila mwanangu Faith keshamwambia mama yupo.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba. Lile shairi lako tamu. Nitungie na mimi la shukrani. Kusoma sijui, nitalishika kichwani, nilitoe kanisani kesho.

Nikapiga magoti. Nikasema bibi, ule mstari, nisamehe...

— Niliusikia. Mawe hayakunipiga masikio.

Hakucheka. Wala hakusema amenisamehe.

Nikauliza, shukrani ya nini, bibi?

— Ndiyo nimekuja uniambie. Wewe unajua kuongea na Mungu. Mimi tangu siku ile nikipiga magoti nanyamaza tu.

Kakaa kwenye kigoda mbele yangu. Anangoja. Shairi haliji! Nimechukua daftari hili kwa kukosa pa kuweka mikono — na ninaandika haya, yeye yupo hapa hapa, anaifuata kalamu kwa macho. Anadhani ni shairi lake. Uso umeanza kumlegea, kama mtu aliyetua kuni.

Nimwambie?

Anauliza nimefika wapi.

— Nisomee, anasema.