Kichuguu Ndani ya Ukuta

Jumatatu, 5 Aprili 1954
Nimefungua koki ya bomba la sokoni. Nimetoa majani kwenye wavu. Nimefukuza ng'ombe wa watu msituni juu ya bwawa. Wanachafua maji ya Sirisia nzima, halafu wenyewe wananinunia mimi. Kawaida.

Kisicho cha kawaida: mabawa ya kumbikumbi yametapakaa juu ya ukuta wa bwawa. Ukuta ni wa udongo, na ulijengwa juu ya kichuguu cha marehemu baba mkwe. Mafundi walitaka kumchimbua malkia wa mchwa, mama mkwe akakataa katakata. Kichuguu ni urithi. Msimamizi akaona udongo ule ni mgumu kama saruji, akakiacha. Nilidhani walikufa zamani. Wako hai, wanachimba. Nimeogopa.

Jumatano, 7 Aprili
Mama mkwe amekuja na jembe na blanketi kutega kumbikumbi. Nilipomwona nikajificha nyuma ya mti, inavyotakiwa. Kwetu mtu haonani uso kwa uso na mama wa mkewe, wala hasemi naye, sembuse kumfokea. Nikakohoa. Akanisikia, akaendelea kutoboa ukuta wangu. Mtu mzima mimi, nyuma ya mti, nimejaa hasira.

Jioni nimemtuma Nanjala, mke wangu, akamkataze. Amerudi na jibu: "Mama anasema hiyo kichuguu ni ya baba. Serikali ilikuta hapo tu."

Ijumaa, 9 Aprili
Chini ya ukuta maji yanavuja. Kidogo. Bado ni safi. Yakigeuka mekundu, ndani kunamomonyoka, basi tena. Nyumba ya mama mkwe iko pale chini, na binti yetu Nekesa hulala kwa nyanyake.

Nimempa dereva wa lori la mahindi ujumbe kwa msimamizi, Kitale.

Jumamosi, 10 Aprili
Dereva amerudi. Msimamizi atakuja baada ya Pasaka.

Nimeziba matundu ya mama mkwe kwa mawe na udongo. Nanjala amemwomba mamake ahame. Hataki. Anasema kumbikumbi hawajawahi kuua mtu. Mvua mlimani. Sijala.

Jumapili, 11 Aprili
Lazima niandike.

Mchana, mvua ikinyesha, maji yanayovuja yaligeuka mekundu. Nilifungua koki kubwa ya chini mpaka mwisho, bwawa lipungue. Haikusaidia. Nikakimbia. Nanjala alikuwa kanisani, ng'ambo ya mto. Nekesa alikuwa ndani na nyanyake. Nikaita kutoka uani. Mama mkwe aliposikia ni sauti yangu, akafunga mlango. Kwa heshima. Kadiri nilivyoita ndivyo alivyozidi kujificha, na mtoto wangu naye.

Nikauvunja mlango. Nikaingia nyumba ambayo sijawahi kuingia tangu nioe. Nekesa nikamweka begani. Mama mkwe nikamshika mkono. Alijifunika uso kwa leso.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Ukuta, mama. Unakwenda."

Akakimbia nami. Tulikuwa bado hatujamaliza kupanda kilima, ukuta ukaachia. Nyumba imekwenda, na mbuzi wake wote. Watu tumepona. Bado naogopa, hata sasa nimekaa pakavu.

Alhamisi, 15 Aprili
Msimamizi ameweza kuja kabla ya Pasaka, kuangalia shimo. Amenilaumu. Watu wanateka mtoni kwa madebe. Sina koki ya kufungua.

Mama mkwe anakaa jikoni kwetu, mimi nalala kwenye stoo ya vifaa. Wazee wamesema nimevunja mwiko, nimpe blanketi jipya na mbuzi ndipo mambo yatulie. Nitampa. Hata wasingesema ningempa, vyake vyote vimekwenda na maji.

Asubuhi Nekesa ameniletea sahani ya kumbikumbi wa kukaanga kutoka kwa nyanyake. Sijui amewapata wapi. Nimekula wote. Kisha nimesikia mtu akikohoa njiani, nikageuka na kutazama ukuta wa stoo mpaka akapita.

Mkono wake, ule nilioushika, ni mdogo sana. Miaka yote hii sikujua.