Mkono Ulioua Maharage

Kwako wifi,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Natumaini nyote wazima na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi tu, akishatembea kidogo inalainika. Kaka yako yupo, bado anatengeneza mafriji ya watu huku letu likivuja maji sakafuni. Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na nimeona nikuambie mapema usije ukafika katikati ya barua ukadhani nimekosea kuandika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungenikatia. Barua hata ukitaka kuichana utaisoma kwanza, nakujua, umbea hautakuruhusu.

Unaikumbuka siku mliyokuja na shemeji, mvua zimeshaanza, pikapu lenu la bluu limejaa magunia ya samadi. Mama alifurahi mpaka akasahau kuwakaribisha ndani. Alisema ndiyo faida ya kuzaa mtoto wa kike, na mimi nimesimama pale pale na beleshi mkononi. Mlipoondoka tuliimwaga yote kwenye tuta la nyuma ya jiko, tukaichanganya na udongo, na kwa kuwa Mama hawezi tena kuinama sana, mbegu nilizifukia mimi. Maharage, nyanya, na mistari michache ya mahindi kule mwisho.

Yaliota vizuri. Kisha majani ya maharage yakaanza kujikunja kwa ndani kama vikombe, mashina yakajipinda, na vichipukizi vya nyanya vikawa vyembamba kama nyuzi. Mama akanituma kwenye duka la dawa za mimea. Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake, akanipa chupa ya kuua wadudu. Haikusaidia, akanipa ya ukungu. Jirani akasema tumwage majivu, tukamwaga. Nikaosha majani kwa maji ya sabuni, moja baada ya jingine. Wifi, bustani ilikuwa safi kuliko jiko, na bado inakufa.

Hapo ndipo ulipokuja kutusalimia. Ulisimama mwisho wa tuta, mikono kiunoni, ukauliza nani alipanda. Mama akasema ni mimi. Ukasema, mbele ya Mama, mbele ya mumeo, mbele ya jirani aliyekuja kuazima chekecheo, "Mkono wa huyu hauotishi kitu. Si bustanini, si kwingineko."

Kila aliyekuwepo alijua kwingineko ni wapi. Mimba yangu ilitoka mwaka jana, na siku ile hospitalini wewe ndiye uliyeushika mkono huu. Uliushika mpaka vidole vikafa ganzi. Ndiyo maana neno lile lingetoka kwa mtu mwingine ningemjibu, ila kwako niliuficha mkono huu nyuma yangu. Kaka yako alikuwa anatazama viatu vyake.

Wewe ukapanda gari ukaenda zako. Acha nikueleze ulichotuachia. Kaka yako alinunua kufuli la geti la bustani, kwa agizo la Mama, ili nisiingie, na ufunguo Mama akauvaa shingoni. Jirani unamjua, mdomo wake hauna breki. Haikuchukua muda, mteja wangu wa siku zote aliingia saluni ninakosukia, akanipita, akasema leo angependa kusukwa na mwenzangu. Hakunitazama usoni. Na Mama akaanza kusema, kwa upole wake ule, kwamba pengine niende kwetu nikapumzike kidogo. Wewe na mimi tunajua, wifi, mapumziko ya namna hiyo hayana tarehe ya kurudi. Begi nilishalitoa juu ya kabati.

Kiti kile kilichokimbiwa ndicho alichokuja kukalia bibi shamba, afisa wa kilimo mwenye ofisi karibu na saluni. Nilikuwa namsuka, chozi likamdondokea kichwani. Akauliza kuna nini. Nilimwambia habari ya maharage tu, mengine nikayameza. Akasema nimletee aone. Ufunguo uko shingoni kwa Mama, nifanyeje? Nikapenyeza mkono kwenye uzio, nikachuma jani moja, nikalifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kesho yake lilikuwa limeiva kama mboga. Bibi shamba akalitazama, akaniuliza nimemletea mgonjwa au maiti. Akanieleza kwamba kwa jani moja hakuna anayeweza kusema kitu, anataka mmea mzima na mizizi yake, anataka na ule usioumwa, na bora zaidi aje mwenyewe.

Alikuja. Mama alimpokea amekunja uso, lakini mgeni ni mgeni, akafungua kufuli. Bibi shamba hakukimbilia dawa. Aligeuza majani kwa lenzi yake ndogo akitafuta inzi weupe na utitiri, hakuona hata mmoja. Aling'oa mche, mizizi ilikuwa myeupe, haina tatizo. Akapasua shina, ndani safi. Kisha akanyanyuka, akaangalia kule mwisho wa tuta, akauliza mbona mahindi yamesitawi hivi.

Wifi, hatukuwa tumeyaona. Muda wote tulikuwa tunahangaika na wagonjwa. Mahindi yamesimama, mabichi, yamenawiri, kwenye udongo ule ule. Bibi shamba akauliza yalipandwa na nani. Mama akasema yalipandwa na mimi.

Ndipo akauliza kama kuna kitu tulichokiongeza kwenye udongo. Tukamwonyesha magunia. Alitueleza taratibu kwamba iko dawa ya magugu inayoua mimea ya majani mapana na kuyaacha majani ya jamii ya nyasi. Mwenye shamba la malisho akiipulizia, ng'ombe anakula, hadhuriki, lakini dawa inapita tumboni mwake inatoka na kinyesi, na kwenye samadi inakaa ikisubiri. Mahindi ni ndugu wa nyasi, kwa hiyo yamepona. Maharage na nyanya hazina ndugu huko. Mama akakataa katakata. Samadi imeletwa na mwanawe wa kumzaa, itakuwaje na sumu? Akasema mbele ya mgeni kwamba tatizo ni mkono.

Bibi shamba hakubishana. Alisema basi tupime. Mama akadaka haraka: yeye, mwenye mkono mzuri, apande maharage kwenye samadi, na mimi nipande kwenye udongo mtupu, tuone. Bibi shamba akacheka, akasema hapo hatutajua kama ni samadi au ni mkono. Kila mmoja apande kote kuwili. Kaka yako akaleta makopo manne, mawili akayajaza udongo wa tuta lile lenye samadi na mawili udongo mtupu, akayaandika kwa chaki, na Mama mwenyewe akayapanga dirishani jikoni. Akakataza mtu yeyote kumwagilia isipokuwa yeye, nadhani aliogopa nisije nikayaroga kwa maji.

Yaliota yote. Mama kila asubuhi alikuwa anaanza na la kwake la samadi, analisemesha, analigeuzia jua. Mpaka asubuhi moja nikamkuta amesimama tu dirishani. Majani ya maharage yake yalikuwa yamejikunja vikombe, yangu ya samadi vilevile, na yale ya udongo mtupu, yake na yangu, yamenyooka yanatazama nje. Mama hakuniona. Aliinua mkono wake wa kulia akautazama, akaugeuza, akautazama tena upande wa pili. Nilirudi nyuma polepole. Sitaki kukuficha, nilimwonea huruma, na hasira yangu kwake ilipungua nusu pale pale.

Hakuniomba radhi na mimi sikumdai. Jioni niliporudi kazini nilikuta ufunguo umewekwa juu ya vitana vyangu. Alisema tu kwamba upande wa pili, ambako samadi haikufika, panafaa kupandwa maharage mapya, na yeye hawezi kuinama. Begi nikalirudisha juu ya kabati.

Kama barua ingeishia hapa ningekuandikia kwa upole. Ningesema ni bahati mbaya, ulileta zawadi, hukujua. Mama ndivyo anavyosema kila siku, "mwanangu maskini, hakujua." Lakini bibi shamba alitaka mfugaji uliyemtajia Mama kuwa ndiye aliyekupa samadi aonywe, asije akawaulia watu wengine bustani zao, akaniomba twende wote nikawe shahidi. Yule mfugaji alitusikiliza, hakushangaa hata kidogo. Akasema nyasi alizinunua mahali, hakujua zimepuliziwa nini, na kwamba habari hiyo alishaletewa na dada mmoja mwenye pikapu la bluu, aliyekuja kumfokea kwamba samadi imemuulia nyanya zake zote. Alimwomba ayarudishe magunia yaliyobaki, ampe mengine. Dada akakataa, akasema mafuta ya gari hayaokotwi. Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema kabla mvua hazijaanza.

Kabla, wifi. Kabla hujaleta kwa Mama.

Na kuna neno alilolisema mwishoni ambalo nimelala nalo na kuamka nalo. Alisema, "Aliniambia nisijali, ameshapata pa kuipeleka."

Nimejaribu kukutetea. Labda ulidhani imeshapoa. Labda uliona uvivu kuitupa. Hilo ningekusamehe, mtu anaweza kuwa mjinga na asiwe mbaya. Lakini ulisimama mwisho wa lile tuta, ukayaona majani yale yale yaliyojikunja kwako, ukajua, ukanitazama mimi, na ukaliokota jeraha langu ukalifanya jibu.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata kaka yako hajui. Nilikuamini. Nilianza kuuogopa mkono wangu mwenyewe. Dada wa saluni alipojifungua, wenzangu wote walimbeba mtoto, mimi nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa nasimama mlangoni na mikono nyuma, namtazama mtoto kwa mbali, nikisema moyoni nisimguse asije akapatwa na kitu. Hicho ndicho ulichonifanya, ili tu Mama asijue umemletea uchafu.

Mama sijamwambia ya mfugaji. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili yake, kwa sababu kukuita maskini ndiko kunakompa usingizi. Ila siwezi kulibeba peke yangu. Njoo umwambie mwenyewe. Muite na jirani, kwa kuwa alikuwepo, na useme kwa sauti ile ile uliyosemea siku ile. Maharage mapya yameshatoa maua. Nitakungoja mpaka maganda yakauke. Yakikauka na hujaja, nitamwambia mimi, na mfugaji amekubali kuja.

Nisalimie shemeji. Wabusu watoto, hao hawana kosa. Kaka yako anakusalimia, hajui ninachoandika. Mama anakusalimia sana, na ndiye aliyeniagiza nikutilie ndani ya bahasha mbegu za maharage zilizobaki za mwaka jana, maana ulimwambia msimu huu hukupanda kwa kukosa nafasi, akakuonea huruma. Nimezichagua mwenyewe, moja moja, kwa mkono huu. Zipande kwenye udongo mtupu, zitaota.

Ni mimi wifi yako,
bado mke wa kaka yako.