Neno Masaji

Louisville. Jumapili, 10 Januari 2016

Nimerudi kanisani. Miguu ndani ya beseni, maji ya moto na chumvi, kama kila Jumapili. Mgongo unauma palepale, upande ninaogeukia nikipokea maboksi ghalani.

Leo nimefanya ujinga. Kwenye maombi ya akina mama, zamu yangu ilipofika, nilisimama nikasema: mniombee, naacha kazi ya ghala, naenda Columbus kujifunza masaji. Mama Esta, kiongozi wetu, akaniangalia kama nimemwaga uji kwenye zulia. Kisha akaomba kwa sauti kubwa, Mungu awalinde mabinti wanaojaribiwa na dola. Nikasema amina pamoja na wengine. Nilipofika kwenye basi ndipo nikaelewa kwamba binti mwenyewe ni mimi.

Jumatano, 13 Januari

Masaji. Kwetu Uvira neno hilo liliandikwa juu ya milango ambayo hakuna mke anayetaka kumwona mumewe akitokea. Nilisahau. Huku limeandikwa madirishani mchana kweupe, jirani na duka la viatu, na watu wanaingia na watoto wao.

Ningesema kukanda, wangeniombea vizuri na kunifungia chapati za njiani. Mama yangu mwenyewe alikuwa mkandaji. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mwanamke akijifungua, aliitwa yeye na sufuria lake la majani. Neno lilikuwepo kinywani tangu utotoni. Nikachagua lile lingine, ili nionekane nimeendelea.

Jumatano mama hunipigia kutoka Buffalo, anakoishi na kaka yangu Bahati. Leo hakupiga. Nilipiga mimi. Bahati akasema amelala. Jua lilikuwa bado juu, na mama halali mchana tangu nimfahamu.

Jumapili, 24 Januari

Kiti cha kushoto kwangu kitupu, na cha kulia kitupu. Kanisa lilikuwa limejaa.

Bahati kanieleza. Mama Esta, waliyekaa naye kambini, alimtumia mama ujumbe wa sauti, mrefu. Mama ameusikiliza mara nyingi, akasema sasa hana la kuongea na mimi mpaka niache. Niache nini? Sijaanza hata. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda.

Na chanzo chenyewe ni mgongo tu. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa dukani kwa Mthai mmoja hapa South End, nanunua mchele, nikashindwa kuinua mfuko. Dada yake, Noi, alikuwa amekuja kumtembelea. Alinilaza kwenye mkeka nyuma ya magunia, nguo zote mwilini, hata soksi. Hakuna mafuta. Alinibonyeza kwa viganja, kwa vidole gumba, kisha kwa kiwiko, akamalizia kwa kunivuta mikono na miguu kama watu wanaokunja shuka. Nililia, na si kwa maumivu. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika tangu tulipoagana na mama uwanja wa ndege, yeye akipelekwa Buffalo, mimi huku.

Noi akaniambia nina mikono mizito, mizuri kwa kazi hii. Anaishi Columbus. Anafundisha. Nilimwambia nitakuja kabla hajamaliza sentensi.

Columbus, Whitehall. Jumamosi, 6 Februari

Nimehamia. Chumba kimoja, godoro, dirisha linalotazama magari. Jengo zima limejaa watu na simjui hata mmoja. Nasikia Kisomali ngazini, Kihispania ukutani, Kiswahili hakuna. Nimeongea kwa sauti na birika la chai. Halikujibu, lakini angalau lilipiga kelele.

Asubuhi natunza wazee kwenye nyumba yao. Jioni nafundishwa sebuleni kwa Noi. Ameshanionya: leseni ya kufungua kazi yangu mwenyewe inataka shule ndefu. Haya. Nianze na sakafu.

Mama bado.

Alhamisi, 18 Februari

Leo Noi ametuambia asili ya kazi hii. Tuko wanafunzi wanne. Huko kwao wanasema ufundi huu ulianza na tabibu wa Buddha, zamani sana, ukatoka India ukaingia Thailand pamoja na watawa. Wengine wanasema mkono wa Wachina umo, na wa wanavijiji pia, waliokuwa wakikandana baada ya kuvuna mpunga bila kumwuliza mtu. Noi anacheka. Anasema hakuna aliyekuwepo. Ila kuna hekalu Bangkok lenye mawe ukutani, yamechorwa mwili wa mtu na mistari ndani yake. Wanasema nguvu za mwili hupita humo. Unafuata mstari, unabonyeza, unangoja, unaachia.

Nikauliza unaponya nini. Akasema haponyi. Analegeza. Misuli ikilegea, kiungo kinafunguka, pumzi inashuka, mtu analala usingizi. Basi. Nimempenda kwa kutonidanganya.

Shida ni moja. Kabla ya kugusa mtu, Noi anakutanisha viganja na kumshukuru yule tabibu wa kwanza. Nilikaa na mikono mapajani kama jiwe. Mama Esta angezimia. Noi aliona. Alisema, mshukuru unayemjua. Nikafumba macho nikasema Baba Yetu mpaka mwisho. Mwanafunzi aliyelala mbele yangu alishasinzia kabla sijafika amina.

Jumanne, 8 Machi

Alikuja bibi mmoja, jirani yake Noi, mifupa imekuwa myepesi kuvunjika. Nikajitayarisha kumvuta. Noi akanipiga kofi dogo mkononi. Mzee havutwi. Hakunjwi. Hapandwi na goti. Mwenye mishipa iliyovimba hubonyezi juu yake, na mwenye homa unamrudisha nyumbani. Bibi alikaa kwenye kiti. Tulitumia viganja tu, taratibu, kama unavyomtuliza mtoto.

Kisha Noi akatoa fundo la kitambaa, ndani yake tangawizi, manjano na mchaichai uliopondwa, akaliweka kwenye mvuke. Ukilishika vizuri, unalipitisha kwenye goti na kiuno, joto linaingia lenyewe.

Harufu ile. Nilitoka nje kwenye theluji bila koti. Ni harufu ya mama, akirudi nyumbani kutoka kwa mzazi, kanga zimelowa mvuke.

Nilimpigia palepale. Simu iliita mpaka ikakata.

Usiku Bahati aliandika. Magoti ya mama yamekuwa mabaya. Ngazi zimemshinda, kanisani haendi tena, anashinda sebuleni na televisheni asiyoielewa. Njoo Pasaka, alisema. Ila mama ametoa sharti: nije kama mtoto, si na kazi yangu ile.

Nitaenda. Fundo litakuwa begini.

Buffalo. Ijumaa, 25 Machi

Basi kutoka Columbus, siku nzima, Cleveland katikati. Niliongea na mtu mmoja tu, dereva, nikamwambia asante.

Mama amezeeka. Kichwani mweupe. Alisema karibu, akasema kaa. Hakunyoosha mkono. Alimtuma Bahati anipe chakula kwenye sahani za wageni, zile zenye maua, na akaniuliza kama ninahitaji chumvi. Mtu humwuliza mgeni hivyo. Nilikula sombe ya kwetu, majani ya muhogo, kama mgeni.

Ningependa angenigombeza.

Jumamosi, 26 Machi

Bahati yupo kazini. Mama analala kwenye godoro katikati ya sebule, karibu na hita, kwa sababu kitanda kimemshinda kupanda. Asubuhi alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilitaka kumkimbilia. Nikaogopa kumgusa mama yangu mwenyewe. Niandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nilienda jikoni nikachemsha maji. Niliporudi na fundo linafuka, pua yake ikaliona kabla ya macho.

"Ni nini mule?"

"Tangawizi, mama. Mchaichai."

Akageuza uso. Hakusema hapana.

Nilianza na nyayo, kama tulivyofundishwa. Mguu wa kushoto, viganja, taratibu, kisha fundo gotini. Kuhamia upande wa pili, darasani tunamvuka mtu kwa hatua moja. Kwa Noi nilishazoea. Hapa mguu wangu ulikataa. Kwetu humruki mtu aliyelala, sembuse aliyekuzaa. Nikazunguka, kupitia nyuma ya televisheni, nikajigonga kwenye meza. Nikafanya mguu wa kulia. Nikazunguka tena kurudi kushoto. Nikajigonga tena.

"Weye Riziki, mbona unazunguka sana?"

"Siwezi kukuruka, mama."

Akanigeuzia uso.

"Na bale banaume ya kule, unabarukaka?"

"Hakuna wanaume, mama. Ni bibi wazee, nguo zote mwilini. Wanakaa kwenye viti."

Mimi niliendelea na goti kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

"Bon," akasema, Kifaransa chake cha kukubali. "Donc, panda kidogo. Pale juu ya goti. Polepole."

Nikapanda kidogo. Baadaye mdomo wake ukafunguka, akaanza kukoroma. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake hadi Bahati aliporudi. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba. Sijui kama yameisha.

Jumatatu, 28 Machi

Pasaka imepita. Mvua na theluji pamoja. Mama ameketi kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Basi langu ni mchana. Nikifika Whitehall kutakuwa kumeshaingia giza, na birika lipo palepale. Nimelijua hilo tangu naamka.

Nilikuwa jikoni nikiosha vikombe. Simu yake ikaita. Sauti ya Mama Esta, hata bila spika inafika barabarani. Akauliza habari za sikukuu, kisha akauliza kama yule binti alifika. Kwa sauti ile ile ya maombi.

Kisha nikamsikia mama:

"Hapana, Mama Esta. Haiko masaji. Ule mutoto anakandaka batu. Ile njo kazi yangu. Nilimufundishaka miye mwenyewe."

Si kweli hata kidogo. Hakuwahi kunionyesha hata namna ya kukamua kitambaa. Nilifungua bomba zaidi, asijue kwamba namsikia, nikaendelea na vikombe.