Maganda ya Machungwa Baharini

Halifax, Machi 1942

Kwa dada yangu Drusilla,

Pokea salamu nyingi za kaka yako Enos. Natumaini wewe na watoto mko salama, na kwamba goti halikusumbui kwa baridi hii. Mimi ni chuma. Vijana humu melini wanakohoa kama kondoo, mimi hata chafya sijapiga. Barua hii anakuletea Titus Corkum mkononi, kwa mashua yake ya samaki, kwa sababu posta siku hizi wana mikasi ya kukata maneno barua, na mimi sikatwi ulimi na mtu.

Mumeo Lemuel ni mzima wa mwili. Habari zake zinakuja, lakini niache nianze mwanzo, maana nimechefuka.

Unajua meli za mizigo sasa zinavuka kwa msafara, na manowari zinatulinda na nyambizi za Wajerumani. Kabla ya kung'oa nanga, wakubwa wa kamandi ya wanamaji hutuita na kutuhubiria. Amri yao kubwa ni kwamba taka za jikoni zisitupwe mchana. Zikielea, nyambizi inazifuata kama kuku anavyofuata mahindi. Kila meli ingoje giza, kisha zote zimwage pamoja. Lemuel, mpishi wetu, aliishika amri hiyo kuliko zile za kanisani. Pipa lake lilinuka mpaka nikamwambia, shemeji, hili sasa lina umri wa kuoa. Akanijibu nikaoge kwanza ndipo nizungumzie harufu.

Basi adhuhuri moja nilipanda juu kutoka kwenye makaa kupata hewa. Macho yangu unayajua, nahodha mwenyewe huyaazima. Nikaona maganda ya machungwa majini, mapya kabisa, yamejipanga kama shanga, yakitoka nyuma ya manowari iliyokuwa ikitutangulia. Machungwa, Drusilla! Sisi tangu tutoke bandarini ni maharage na samaki wa chumvi. Nikamwita Lemuel aone. Akasema wacha wale, wanakula kwa niaba yetu. Tukacheka. Kabla jua halijazama, meli mwenzetu Clara Risser ikapigwa kombora. Waliokuwemo unawajua, wengi ni watoto wa mtaa wako. Hakuokolewa hata mmoja.

Tuliporudi hapa kamandi ikafanya uchunguzi, ikidai taka za meli yetu ndizo zilizoivuta nyambizi. Afisa mmoja mwenye mikono laini kama siagi aliniuliza kama mpishi wetu alimwaga pipa mchana. Nikasema hapana, nikaanza habari ya machungwa. Akaniambia, "Mzee, jibu unachoulizwa." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa baharini baba yako hajaota ndevu. Uliza nani alikuwa na machungwa." Akamgeukia karani, akamwambia hilo asiliandike. Drusilla, nilitamani kumtemea mate kwenye viatu vile vinavyong'aa.

Kisha akatangaza kwamba meli isiyo na nidhamu haina nafasi katika msafara. Mkosaji asipojitokeza, safari ijayo tutavuka peke yetu, bila manowari. Na kikongwe hiki chetu kinavyojikokota! Kila mtu mle chumbani alielewa kwamba hicho ni kifo.

Sasa kaa chini, dada. Lemuel alisimama akasema ni yeye. Akasema alimwaga mchana kwa uvivu. Lemuel, mvivu! Wamemfunga, na meli hatapanda tena. Walipokuwa wakimtoa aliniomba nikuandikie kwamba ni kweli alikosa, maana anakujua: ukisikia vingine utakuja hapa kuwapigia kelele, nao watatutupa nje ya msafara. Nikamwitikia. Lakini kalamu yangu haiandiki uchafu huo. Sitaki uishi na mume ukidhani aliwaua watoto wa jirani.

Kesho tunaondoka. Anayetulinda ni yule yule mla machungwa.

Kwa hiyo nakusihi, mama za marehemu wale wakikupa mgongo kanisani, meza. Najua ni uchungu. Meza mpaka usikie tumefika ng'ambo, kisha simama katikati ya kanisa useme kwamba Enos Knickle aliona. Tusipofika, usimeze tena. Sema siku hiyo hiyo.

Nisalimie watoto, na uwaambie baba yao ni mtu safi. Uniwekee kabichi ya pipani, ile ya kuchachusha.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Enos Knickle, mchochea makaa