Sahani Iliyotoka na Vitumbua

Jumatatu, 3 Mfungo Saba 1374

Huna haya wewe. Mwezi mzima hukulifungua daftari hili, na hakuna mwingine wa kulisoma ila wewe mwenyewe. Ulikuwa na kazi gani? Kukuna nazi? Nazi zilikuwepo hata mwaka jana. Skuli hukwenda, lakini herufi za Kiarabu za chuoni unazijua, na Kiswahili chako kinaandikika kwazo. Kaa uandike.

Haya, nimekaa. Nimelisha kuku, nimemkanda miguu Mwanasha. Mjukuu wangu huyu ametoka kwa mumewe kule Vanga aje azalie kwangu. Mwezi wake ni huu. Mimba ya kwanza iliharibika. Safari hii anataka kunywa kombe kwenye sahani yetu, ile nyeupe ya maua ya buluu. Maalimu huiandika aya ndani yake kwa zafarani, tukaiosha kwa marashi, mwenye mimba akanywa. Alinywea mamangu, nikanywea mimi, akanywea mama yake Mwanasha.

Sahani haipo nyumbani. Hilo ndilo lililonirudisha daftarini.

Jumanne, 4 Mfungo Saba

Ilivyotoka ni hivi. Kuna profesa wa Kizungu amepanga nyumba Diani. Anachunguza watu wa Ulaya na watu wa Asia walivyojuana zamani, biashara zao, mabalozi wao. Juma lililopita alikuja huku Msambweni kutazama makaburi ya kale, akaletwa kwangu. Akaiona sahani rafuni. Akaipindua, akaishika kama mtoto mchanga. Nikafurahi, sikatai. Nikapika vitumbua, nikampakilia ndani yake aende navyo.

Kila mtu anajua. Unakula, unaosha chombo, unatia chochote ndani, unarudisha. Mtoto wa miaka minne anajua.

Leo siku ya nane. Kimya.

Jumatano, 5 Mfungo Saba

Barua imekuja, stampu yenye sura ya yule Malkia kijana. Herufi za Kizungu. Kanisomea Athumani mwenye duka. Profesa anashukuru kwa zawadi kubwa. Ataipeleka kwao, ikae kwenye makumbusho ya chuo kikuu. Jumamosi anaondoka.

Zawadi! Nilimpa vitumbua!

Nikamwambia Athumani asome tena. Kasoma tena. Ni yale yale. Nimemtukana profesa, nikajitukana na mimi.

Mwanasha kasema, "Nyanya, tutumie sahani yoyote. Dawa ni maneno ya Mungu." Kweli tupu, na Mungu anisamehe. Lakini ile mimba iliyoharibika, kule Vanga, kombe alinywea sahani ya bati. Ninalikumbuka mimi, analikumbuka yeye. Chakula hakukigusa. Kila akipita anatazama pale rafuni.

Alhamisi, 6 Mfungo Saba

Lori la mbata za nazi linakwenda Diani kesho asubuhi. Dereva kasema, "Bibi, utachafuka." Nimemwambia maji yapo.

Nimepika vitumbua vingine. Siendi kwa mtu mikono mitupu, hata nikienda kugomba.

Ijumaa, 7 Mfungo Saba

Mgongo unaniuma, lakini niandike kabla hasira haijapoa.

Sahani nimeikuta mezani, imeviringishwa pamba kama maiti. Kando yake kikaratasi. Nikamwuliza mkalimani wake, Bwana Saidi wa Mombasa, kimeandikwa nini.

"Imetengenezwa Uholanzi kwa kuiga kazi ya China. Imepatikana Msambweni."

"Basi?"

"Basi, bibi."

Imepatikana! Ilikuwa imepotea lini? Mholanzi yumo, Mchina yumo. Sisi tulioinywea kombe tukazaa, hatumo hata kwa nukta. Kumbe mimi ni rafu tu ya kuwekea vyombo vya watu wengine.

Nikasema yote, kwa sauti ambayo wamenisikia mpaka barabarani. Saidi kanong'ona, "Bibi, nimwambie umeudhika kidogo?"

"Mwambie kama nilivyosema. Usinitilie sukari."

Nikaeleza desturi ya chombo. Nikaeleza habari ya Mwanasha na mimba iliyoharibika. Profesa akawa mwekundu mpaka shingoni. Anasema alidhani vitumbua na sahani vyote alipewa, hakujua. Nikamjibu: umesoma Ulaya na Asia nzima, aliyekulisha hukumwuliza neno.

Akaivua pamba mwenyewe, akaniletea kwa mikono miwili. Sikuipokea. Saidi akashtuka.

"Tupu?" nikasema.

Maskini wa Mungu, akahangaika chumba kizima. Makaratasi, kalamu, makaratasi. Mwisho akatia pakiti ya majani ya chai. Saidi akaisoma: chai ya Silani, kule Asia, imefungwa London. Sikutaka kucheka, nikacheka. Mtu anazunguka dunia kutafuta Ulaya na Asia walikokutana, na kila asubuhi anawachemsha birikani!

Sikuondoka hivi hivi. Nikataka achukue kalamu, aongeze kwenye kikaratasi chake: sahani ni ya nyumba ya Msambweni, wenyewe wanaitumia, hunywewa kombe. Akaandika. Saidi kanisomea. Kikaratasi anakwenda nacho; akifika kwao asije akayafuta.

Vitumbua nimemwachia. Safari hii kwenye jani la mgomba.

Jumatano, 12 Mfungo Saba

Mwanasha kajifungua jana alfajiri. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili, alhamdulillahi.

Maalimu aliiandika sahani Jumamosi. Mwanasha alikunywa kombe lote, hakubakisha tone, akala wali baada ya hapo.

Chini ya sahani profesa aliandika namba kwa wino. Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa majivu, haitoki. Nimeiacha. Chai yake tumekunywa. Si mbaya.

Mtoto ana ngumi ndogo, hafungui. Jina atapewa siku ya saba.

Ukirudi kulifungua daftari hili, usianze na Mzungu. Andika kwanza jina la mtoto.