Orodha ya Marion na Fomu Yako ya Zamani

S.L.P. 73,
Ikonge,
Nyamira.

13 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Nyanchoka,

Pokea salamu kutoka nyumbani, pamoja na baridi ya Julai ambayo ningekufungia kidogo kwenye bahasha kama ingewezekana. Hujambo huko Voi? Shemeji Manasseh hajambo? Goti lake limepona, au bado anasingizia goti kila akitumwa dukani? Watoto je? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kugombana na kuku vizuri. Jana alitembea hadi kanisani bila mkongojo wake, akaukumbuka wakati wa kurudi. Mungu ametutunza.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu ninayo, na imejaa chaji. Lakini kuna kitu ndani ya bahasha hii kisichopita kwenye simu, tena kuna maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo nitaingiza mzaha katikati. Unanijua. Kwa hiyo soma polepole, na hiyo karatasi iliyokunjwa usiifungue kwanza.

Marion alikwisha kukupigia, basi habari yenyewe unayo. Usichokijua ni jinsi nilivyokaribia kuiharibu, na jinsi simu yako ya Jumatano ile ilivyotuokoa. Ninakushukuru, dada. Nimelisema mapema ili nisije nikalisahau kwa kupiga domo.

Unakumbuka Januari binti yangu alipopata C+ ya kidato cha nne. Nyumba nzima tuliimba. Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikajipiga kifua, nikaomba washiriki wamwombee nesi wetu mtarajiwa. Hakuna aliyenituma. Wewe unajua huku kwetu nesi ni nani: ni yule anayepanda ndege, na baada ya miaka mitatu wazazi wake wanalala kwenye nyumba ya mawe. Tangu siku ile wazee wa kanisa wakawa wanamwita Marion "Sista". Bibi Nyasani, yule jirani yetu wa karibu na mto, kila baada ya ibada alikuwa anakunja mkono wa sweta na kumwonyesha mishipa, akitaka aambiwe kama presha imepanda. Mtoto anatabasamu tu. Mimi nikadhani ni furaha.

Wakati wa kuchagua kozi kwenye mtandao ulipofika, nilikaa na simu mwenyewe, Marion akiwa amesimama nyuma yangu. Kulikuwa na nafasi nne. Nikaandika uuguzi Nairobi, uuguzi Eldoret, uuguzi Pwani, uuguzi hapa Kisii. Nikajipongeza kwamba nimepanga orodha yenye mizani, maana nimegusa pande zote za nchi! Kama ni shamba, ningekuwa nimepanda mgomba wa aina moja kwenye vipande vinne na kusema nina mazao mbalimbali.

Wala sikutazama alama. Marion alizitazama. Aliona alama zake za masomo yanayohitajika, akaona pia walioingia uuguzi mwaka uliopita walikuwa na ngapi, akajua hakuna chuo hata kimoja kati ya vile vinne kitakachomchukua. Angeniambia nini, na kanisa zima lilikuwa limeshamwita Sista? Ndipo akakupigia wewe kwa siri. Nilipojua nilikasirika siku nzima. Leo namshukuru Mungu kwamba alikuwa na namba yako.

Uliponipigia hukupaza sauti. Uliniuliza swali moja tu: "Kaka, umemwuliza mtoto?" Kisha ukanieleza kwamba nimebisha mlango mmoja mara nne. Ukasema aweke kozi moja ya kumjaribu Mungu, mbili zinazolingana na alama zake, na moja ambayo hawawezi kumkataa, lakini hata hiyo iwe kozi ambayo akiipata ataenda akiimba. Nami nikakujibu kwamba aliye Voi hawezi kupanga mambo ya Ikonge. Nilikukatia simu. Hilo nisamehe kwanza, mengine yanakuja.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha Marion katika lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha Mama. Sikukipata. Nilipata fomu yako.

Ile ya mwaka 2001, dada. Mwandiko wako wa shule, umelala kidogo kulia. Kwenye chaguo la kwanza umeandika: Ufundi wa Maabara ya Hospitali. Na juu yake kuna mistari miwili ya kalamu nyekundu, yangu, na pembeni nimeandika uuguzi. Chaguo la pili, uuguzi. La tatu, uuguzi. Baba alikuwa hayupo tena, mimi ndiye niliyekuwa mlezi, nina miaka ishirini na saba na kichwa kigumu. Nakumbuka hata nilivyokucheka, nikisema hatukukusomesha ili ukachungulie mavi ya watu kwa darubini. Nikaomba fomu nyingine, nikaijaza mwenyewe, na hiyo ya kwanza ikabaki sandukuni. Pale chini, kwenye sahihi ya mzazi au mlezi, ni patupu.

Jibu halikuja kutoka popote. Waliokuwa na alama sawa na zako wakaenda vyuoni, wewe ukabaki hapa kuchuma majani chai miaka miwili. Nilikuona kila asubuhi na kikapu mgongoni, nikapita zangu. Siku moja ukaondoka na mfuko mmoja, ukajitafutia hiyo maabara mwenyewe, ukaipata. Na Jumatano ile uliponipigia kwa ajili ya binti yangu, hukuitaja fomu hata kidogo. Ungeweza. Mimi ningeitaja.

Nilikaa chini kando ya kitanda cha Mama nikalia. Mama alidhani nimeumwa na nge.

Ijumaa asubuhi nilimwita Marion nikamwuliza lile swali lako. Alinitazama kwanza kama anayetafuta mtego. Kisha akatoa daftari. Kumbe alikuwa na orodha yake tayari, ya tangu Aprili!

Sasa shida ikawa muda. Dirisha la kubadilisha kozi lilikuwa lifungwe Jumamosi, nayo Jumamosi ni Sabato yetu, hatugusi kazi hizo. Kwetu sisi mwisho ulikuwa Ijumaa jua likitua. Simu yangu nayo, kila tukijaribu kubadilisha, inazunguka tu. Saiba ya Ikonge, pale penye kompyuta za kukodi, haikuwa na stima tangu usiku wa mvua. Tukangoja hadi saa kumi, nikaona tunajidanganya, tukapanda gari hadi Kisii mjini, kwa Ronak, yule mwenye duka la vitabu na kompyuta upande wa kwenda Nyanchwa. Baba yake ndiye aliyetuuzia daftari zako.

Tulifika saa kumi na mbili kamili. Foleni ya wanafunzi ilikuwa imetoka hadi nje. Nilinywea. Ronak aliniona nikitazama angani, akatoka nyuma ya kaunta. Amekaa karibu na Waadventista maisha yake yote, anajua Ijumaa tunavyokimbia.

"Mzee, iko shida gani?"

Nikamweleza. Akatupitisha nyuma, akainuka kwenye kompyuta yake mwenyewe aliyokuwa anafanyia kazi zake, akamwambia Marion, "Kaa hapa, mama. Andika pole pole, lakini jua ya baba yako inaenda."

Marion akaandika. Ya kwanza akaacha uuguzi ubaki. Akasema, "Hii ni yako, Baba." Ya pili, afya ya jamii. Ya tatu, teknolojia ya maabara. Hapo mkono wangu ulishika ukingo wa meza wenyewe. Hakujua lolote kuhusu fomu yako, nilikuwa sijamwambia mtu. Akaona uso wangu.

"Baba, hii iko na shida?"

Nikamwambia aandike. Ya nne akaweka ualimu wa Biolojia na Kemia, akasema hata huo ataufurahia kwa sababu anapenda kueleza watu mambo. Akabonyeza, ikakubali. Ronak alichungulia dirishani akatangaza kwamba bado tuna dakika kumi na tano za kununua mkate. Alikataa malipo. Asante sana kwake, mbuya mono, na nimemwambia hivyo hivyo kwa Kigusii, akacheka kwa sababu ameelewa.

Basi majibu yalipokuja, nilikuwa kwenye kituo cha majani chai, gunia langu liko juu ya mizani. Uuguzi hawakumchukua. Afya ya jamii ilimponyoka kwa alama kidogo sana. La tatu wakamchukua! Nilipiga ukelele hadi karani akaruka akidhani kuna nyoka kwenye gunia.

Jana nilisimama tena kanisani, mahali pale pale. Niliwaambia ukweli, kwamba Marion haendi uuguzi, kwamba orodha ya kwanza ilikuwa ya kiburi changu, na ya pili ni yake na ya shangazi yake. Mchungaji alisema amina kabla sijamaliza, nadhani alitaka nikae. Bibi Nyasani hakujali. Baada ya ibada alikunja sweta kama kawaida, akasema basi mtoto akirudi ataitazama damu yenyewe.

Ataripoti chuoni mwezi wa tisa. Ameomba kama unaweza kuja umsindikize pamoja nasi. Anataka kukuuliza maswali mengi ambayo mimi na Mama Marion hatuna majibu yake. Njoo, dada. Chumba chako kimepakwa chokaa.

Nisalimie shemeji Manasseh na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mama anakusalimu, anasema umletee nazi. Mama Marion anakusalimu sana. Bwana awafunike ninyi nyote, na mikono yako aibariki kwa kila mgonjwa aliyepona kwa sababu wewe uliona kilichokuwa ndani ya damu yake.

Sasa fungua ile karatasi. Mistari yangu myekundu nilijaribu kuifuta kwa wembe, karatasi ikataka kutoboka, nikaiacha. Lakini chini yake nimeandika upya, kwa mkono wangu: Ufundi wa Maabara ya Hospitali. Nakuomba msamaha, Nyanchoka, kwa miaka yote hii. Na pale palipokuwa patupu, pa mlezi, nimetia sahihi. Ni hii hii ninayoitia hapa.

Kaka yako akupendaye, aliyechelewa,

Nehemiah Nyakundi