DADA USIGUSE

Jumatatu, 3 Machi

Nilisema sitaingia tena kwenye ule mchezo wetu wa mtandaoni. Nimeingia. Miezi saba! Nilidhani ulimwengu wetu umeshafutwa, kumbe upo vile vile — theluji inaanguka, ziwa limeganda, na kile kibanda cha mbao tulichoanzia bado kimesimama. Ndani vitanda viwili. Chekundu changu, cha buluu cha Kitinda.

Kitinda, mdogo wangu, kitindamimba wetu. Eti najieleza, utadhani daftari hili lina msomaji.

Mpango ulikuwa kasri la barafu. Yeye ajenge mashariki, mimi magharibi, tukutane ukumbini. Upande wangu nimeukuta ni msingi tu, aibu. Upande wake kuna ukuta mmoja mrefu uliopinda, wa barafu ile nyepesi inayoonyesha ng'ambo. Mbele yake kibao: DADA USIGUSE. NITARUDI KUMALIZIA.

Alikiandika wiki moja kabla hatujagombana. Nimekisoma mara kumi. Nitarudi, amesema. Maandishi yake haya hapa.

Kisha giza likaingia kule mchezoni nikaenda kitandani. Usiku wa mle haupiti mpaka wote waliomo wamelala. Zamani nilikuwa nalala namfokea — njoo ulale wewe, mazombi watatumaliza! — naye yuko chumba cha pili na kompyuta yake, dakika moja dada, dakika moja, na skrini yangu imeganda kwenye 1 KATI YA 2 WAMELALA. Leo nimelala, ikaandika 1 kati ya 1, papo hapo kukakucha. Upesi mno.

Jumanne, 4 Machi

Shifti ya asubuhi ghalani. Kuku, mboga za pakiti, aiskrimu, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nimeandika joto kila baada ya saa mbili na nimegombeza watu, ndiyo kazi yangu. Wapakiaji wawili wametoka wakaacha taa za ndani zinawaka. Nikawasomea! Taa ni jiko, nikawaambia, kila taa mnayoiacha mnaniwashia jiko humo ndani. Wakacheka pembeni. Wacheke.

Fundi mitambo amenikuta nachora kasri nyuma ya fomu ya joto. Akauliza kama ni friji mpya. Nikamwambia ni nyumba ya barafu. Akanitazama, akatazama koti langu zito, akasema sasa wewe mama, hapa barafu na nyumbani barafu, utapona lini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimechimba barafu mpaka kiganja kinauma kwa kushika kipanya. Barafu ya mle ukiigonga na sururu ya kawaida inakuwa maji. Unahitaji sururu laini, inayoing'oa nzima. Kitinda aliacha moja sandukuni. Sijui aliniachia au aliisahau.

Matofali tisa ya barafu nyepesi yanatoa tofali moja la barafu nzito. Mazito tisa yanatoa moja la buluu. Nyepesi themanini na moja kupata buluu moja! Na mimi nataka nguzo nne za buluu tupu. Haya bwana, nani ananikimbiza? Natoka kazini saa tisa, mpaka kesho yake hakuna anayeniita jina.

Nimepika tena sufuria ya watu wawili. Mkono haujajifunza kupunguza. Nitakula hicho hicho kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kapiga simu. Kitinda humpigia kila Jumapili asubuhi, yeye hunipitishia habari Jumamosi inayofuata, zikiwa zimeshachacha. Hajambo. Amehamia chumba kingine. Amefuga ndevu! Nikauliza, ameniulizia? Shangazi akakohoa. Akasema mpe muda mwanangu, yule ana hasira za baba yenu.

Hasira za baba yetu! Mwenye kosa ni mimi, bora niandike angalau mara moja. Alipata kazi mbali, kazi aliyoitafuta miaka miwili. Mimi nikachukua namba ya bosi wake kwenye barua, nikampigia bila kumwambia. Nikasema ana kifua tangu utotoni, huko ni baridi, nikaomba wamsubiri miezi mitatu nimwandae. Nimwandae! Mtu wa miaka ishirini na sita. Wakampa kazi mwingine.

Hakupiga kelele. Ndicho kilichoniuma. Alisema, dada umenilea tangu mama alipofariki, ahsante, lakini wewe huwezi kuona kitu cha mtu ukakiacha. Mwezi haukuisha akapata kazi nyingine, mbali zaidi ya ile ya kwanza. Nikipiga hapokei. Meseji anazisoma, hajibu.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzuri! Nguzo ya kwanza imesimama.

Ila kule upande wake kuna giza, na penye giza ndipo mazombi wanapozaliwa. Wawili wametokea nyuma ya ukuta wake wakanifukuza hadi ziwani. Nikawaza, je, siku akirudi aingie tu, hana ngao, hana nini, wamrukie? Nikamwekea taa. Kumi na mbili, chini, kando ya ukuta. Ukuta wenyewe sijaugusa hata kidogo! Mwanga ukapita kwenye barafu, pakapendeza mpaka nikacheka peke yangu.

Nimeacha mchezo wazi makusudi, paendelee kuwaka wakati nafua. Nitaona kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Umeyeyuka.

Jumanne, 11 Machi

Jana sikuweza kuandika. Ukuta wote. Nimetoka kazini, nikafungua skrini, nikaona maji tu na taa kumi na mbili zinawaka ndani yake. Kibao kimesimama peke yake: DADA USIGUSE.

Barafu nyepesi inayeyuka karibu na taa. Nzito haiyeyuki, buluu haiyeyuki, ile nyepesi inayeyuka. Kila mchezaji anajua. Na mimi! Mimi ninayewasomea watu wazima ghalani, taa ni jiko, taa ni jiko! Nilitamani nijipige.

Hakuwa hata ameniomba taa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza fundi mitambo, kwa kujifanya nauliza ya kazini: kitu kikiyeyuka, ukikigandisha tena kinarudi kuwa kile kile? Akauliza kitu gani, aiskrimu? Nikasema tuseme aiskrimu. Akasema itaganda, na kwa macho huwezi kuitambua, lakini ndani inakuwa na chenga chenga. Mlaji akiitia mdomoni tu anajua. Kisha akaingiwa na wasiwasi: mama, kuna aiskrimu imeyeyuka? Nikamwambia hapana, endelea na kazi.

Ninayo picha. Kitinda aliwahi kunitumia picha ya ukuta, siku anajivuna nao. Kimo matofali saba, urefu arobaini na mbili. Nitaujenga upya kama ulivyokuwa. Hatajua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza. Mia mbili tisini na nne, nimezihesabu mbili mbili. Nikarudi nyuma kuutazama.

Ni mzuri. Ni mzuri kuliko wake, ndiyo balaa. Umenyooka, umepinda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wake ulikuwa na kiwiko pale katikati — alikosea hesabu, nikamcheka, akashikilia kwamba ni makusudi, ndiyo mtindo. Picha ilipigwa kwa mbele, kiwiko hakionekani. Nimejaribu kukikumbuka. Tofali la ishirini? La ishirini na tatu? Nimebomoa na kujenga mara nne, na kila nikikosea nakosea kwa unadhifu.

Atajua akiutia machoni tu. Chenga.

Na hata asipojua, mimi nitakuwa nimempigia simu bosi wake mara ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeubomoa. Nimeung'oa kwa sururu laini, tofali moja moja, yote nimeyatia sandukuni mwake. Nimetoa taa zote. Nimekausha maji. Pamebaki uwanja mtupu na kibao chake.

Kibao cha mle kina mistari minne tu. Mifupi! Kando ya chake nimeweka changu, na nilianza na maneno nilitaka tu usidhurike — mstari ukajaa kabla sijasema nilichofanya. Nikafuta. Nikaandika nilidhani. Nikafuta. Mwishowe:

NILIWEKA TAA.
UKUTA UMEYEYUKA.
BARAFU SANDUKUNI.
SIJAJENGA KITU.

Mahali pa kuweka dada samahani hapakuwepo. Nililia kidogo, kwa sababu ya mistari minne! Jirani wa juu akawa anasogeza viti, nikafurahi kusikia kuna mtu.

Shangazi hakupiga leo. Nikampigia mimi. Nikamwambia kesho Kitinda akipiga mwambie ukuta wake umeyeyuka, na ni mimi. Shangazi: ukuta gani, wa nyumba? Nikasema wa mchezo, kwenye kompyuta. Halafu akasema wewe na umri huo! Mnanuniana miezi yote hii kisha habari unayompelekea ni ya mchezo? Nilitaka aongeze kwamba nimekonda, kwamba silali vizuri. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikasema hivyo tu shangazi, usiongeze chumvi.

Jumapili, 16 Machi

Nilikaa ndani ya mchezo kutwa. Hakuja. Nimelala mle mara kumi na moja. 1 kati ya 1, kumekucha. 1 kati ya 1, kumekucha. Mwishoni nikawa nachukia kukicha.

Jumatano, 19 Machi

Hakuna.

Ijumaa, 21 Machi

Nguzo ya tatu. Fundi mitambo ameuliza nyumba ya barafu imefikia wapi. Nikamwambia upande wangu unaendelea. Akauliza upande wa pili ni wa nani. Nikamwambia wa mdogo wangu, ila yuko mbali. Akasema aa, na akanisaidia kuvuta mlango wa ghala, ule mzito, ambao siku zote navuta peke yangu.

Upande ule kuna giza sana. Leo nimehesabu mazombi watano wanarandaranda uwanjani kwake. Vidole vilikuwa vinaniwasha, taa zimejaa mfukoni! Taa moja tu, mbali, pembeni... Sijaweka. Nimegeuka nikaenda kwenye nguzo zangu.

Jumamosi, 22 Machi

Shangazi kapiga. Amemwambia. Nikauliza, akasemaje? Shangazi anasema alinyamaza, halafu akauliza, umesema dada mwenyewe ndiye kakwambia uniambie? Shangazi akajibu ndiyo, kwa mdomo wake. Halafu akaanza kumuuliza habari za kuku wake.

Nimemrudisha shangazi kwenye sehemu hiyo mara tatu. Alinyamaza vipi? Shangazi amenikatia simu, anasema kunyamaza ni kunyamaza.

Jumapili, 23 Machi

Ngoja nipange.

Baada ya chakula nilikuwa mchezoni, namalizia nguzo ya nne. Mvua ikaanza kwa ghafla, na nguo zote ziko kwenye kamba! Nikaacha skrini ilivyo, nikakimbia. Nimekaa huko robo saa, mashuka yalishalowa, nikayakamua yote. Mtu akiingia mchezoni maandishi hutokea chini ya skrini kwa muda mfupi tu, kisha hupotea. Mimi nilikuwa uani napigana na shuka.

Narudi, nakuta mle kumekuchwa, giza. Nikaenda kibandani, nikajitupa kitandani kama kawaida, nikashika kikombe cha chai nikisubiri kukuche.

Hakukucha.

Nikadhani kompyuta imekwama. Nikagonga meza. Ndipo nikasoma.

1 KATI YA 2 WAMELALA.

Chai imemwagika juu ya fomu za kazini. Ziache.

Yumo. Sijui tangu saa ngapi. Pengine alipita karibu yangu, akaniona nimesimama nimeduwaa mbele ya nguzo, akadhani nimemnunia! Nataka kuandika sikuwepo, nilikuwa naanua nguo. Nataka kuandika ndevu! Nataka kumwambia kuna mazombi watano huko, chukua ngao, iko sanduku la pili. Nimeshaandika maneno manne kwenye nafasi ya ujumbe. Nimeyafuta.

Sasa nasikia. Tak. Tak. Kutoka mashariki. Ni barafu ile, hiyo sauti naijua. Ila kwa mbali huwezi kutofautisha anayeweka tofali na anayeling'oa.

Madirisha ya kibanda yanatazama upande wa pili. Nikitaka kuona lazima nishuke kitandani, nifungue mlango, nitoke.

Tak.

Kimya kirefu. Nikadhani ametoka. Nikatazama skrini: bado 2.

Tak. Tak. Tak.

Mikono nimeiweka mbali na kompyuta, mmoja kwenye kalamu, mwingine nimeukalia. Mvua bado inanyesha, mashuka yako kwenye beseni na sijayatundika. 1 kati ya 2. Sishuki. Amalize kwanza anachofanya, mimi nimelala.